Fedha za Ulinzi Hupitishwa Wapi?

(Maneno haya yalisemwa na Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama wa ushirika, mlangoni pa ghala la pamba. Yamebandikwa hapa ili waliokosa mkutano wasome. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.)



Leo hatukuja kusifu mtu wala kulaumu mtu. Tumekuja kujibu swali moja ambalo linaulizwa kisimani, linaulizwa kilabuni, linaulizwa hata msibani. Swali lenyewe ni hili: kile kituo kidogo cha polisi tulichokianza kwa matofali yetu wenyewe, kwa nini mwaka wa tatu huu kinalala mbuzi? Na fedha ziko wapi?

Swali hili ni halali. Ghala hili tulilosimama mlangoni pake lilivunjwa mwezi Machi. Mizani ilikwenda, mabomba ya kupulizia dawa yakaenda. Mwano ulipigwa saa nane za usiku, sungusungu wakafuata nyayo mpaka mtoni, wakazipoteza. Polisi tukawapigia simu alfajiri, wakafika jioni. Walituambia wazi kwamba gari halikuwa na mafuta. Tangu siku ile mchango wa bati umekufa kabisa. Mtu akiguswa anasema, "Tulikwisha toa, mkala. Nendeni mkaombe Mkoani, fedha ziko huko."

Jamani, maneno hayo ya "fedha ziko Mkoani" sisi wenyewe tuliyaamini, na ndiyo yaliyotupoteza njia. Tusikilizane taratibu.

Wazee hapa wanakumbuka mwaka 1972, Serikali ilipoleta madaraka mikoani. Halmashauri za wilaya zikafutwa, na mipango na fedha za maendeleo zikawa zinaendeshwa na ofisi za Mkoa na Wilaya. Wakati ule mtu akisema "Mkoa umetoa", alisema kweli. Lakini mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za wilaya, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Halafu mwaka 1997 ikaja sheria ya Tawala za Mikoa, ikaweka Sekretarieti ya Mkoa iwe ya kusimamia, kushauri na kuzisaidia halmashauri. Kwa hiyo mambo yamebadilika zamani, ila vichwa vyetu vimebaki mwaka 1972.

Sasa hebu tuhesabu mifuko ya fedha za ulinzi. Iko mitatu.

Mfuko wa kwanza ni wa Jeshi la Polisi. Polisi ni jambo la Muungano, ni jeshi moja la nchi nzima. Mshahara wa askari, sare yake, mafuta ya gari lake, vyote vimo katika bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, katika fungu linaloitwa Fungu 28. Anayelipitisha ni Bunge, kule Dodoma, katika mkutano wa kuanzia Aprili hadi Juni, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Humo ndani mna sehemu mbili. Kuna matumizi ya kawaida na kuna matumizi ya maendeleo. Ni kama nyumbani: unga na chumvi ni matumizi ya kawaida, kujenga nyumba ni maendeleo. Mafuta ya gari ni unga. Kituo ni nyumba. Kamanda wa Polisi wa Mkoa hupata mgawo wake kutoka Makao Makuu ya Polisi, naye hugawia wilaya. Hachoti kwa Mkuu wa Mkoa.

Na hapa tuongeze neno moja. Bajeti kupitishwa si fedha kufika. Bunge likishapitisha, Hazina hutoa fedha kidogo kidogo kadiri makusanyo yanavyoingia. Ndiyo maana gari linaweza kuwa na mafuta kwenye kitabu na tangi likawa kavu.

Mfuko wa pili ni wa Halmashauri ya Wilaya. Huu hupitishwa na Baraza la Madiwani, pamoja na diwani wetu tuliyemchagua. Humo mna ushuru wa mazao, ikiwa pamoja na ushuru wa pamba yetu hii, na mapato mengine ya ndani. Kazi kubwa ya mfuko huu ni shule na zahanati. Lakini madiwani wakikubaliana, Halmashauri inaweza kuchangia bati, mbao au saruji kumalizia kituo ambacho wananchi wamekianza. Inaweza. Haijasemwa lazima. Inategemea kama jambo lenyewe limo katika mpango.

Mfuko wa tatu ni wa kijiji. Huu ni wetu. Unapitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani kila mkazi wa miaka 18 na zaidi. Sungusungu wetu hawamo katika Fungu 28. Walianza huku kwetu Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipozidi na silaha zilikuwa zimezagaa baada ya vita vya Kagera. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili iwatambue. Kutambuliwa na sheria si kulipwa mshahara. Tochi, filimbi, viatu vya mvua, uji wa wanaokesha, hayo yote ni juu yetu.

Mtauliza: na Mkoa je? Mkuu wa Mkoa ni mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa. Kamati hiyo inaangalia hali ya uhalifu na inaweza kuelekeza doria iongezwe mahali fulani. Vilevile kuna Kamati ya Ushauri ya Mkoa, ambamo wanakaa wakuu wa wilaya, wenyeviti wa halmashauri na wabunge. Na ile Sekretarieti inapitia bajeti za halmashauri zote, inatazama kama zimefuata mwongozo, kabla hazijapanda juu. Mkoa unalo fungu lake la kuendeshea kazi zake, lakini mshahara wa polisi haumo na bati letu halimo. Hata Mkuu wa Mkoa akitaka kwa moyo wake wote, hawezi kuchota fedha ambayo haikupitishwa kwa kazi hiyo. Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri. Msingeipenda kama Mwenyekiti wetu wa ushirika angechota fedha za mbegu akanunulia pikipiki, hata kama pikipiki ingekuwa ya doria.

Sasa tuje kwenye kosa letu.

Mkutano ulitutuma watu wanne, na sisi Katibu tukiwa mmoja wao, tuende mjini Mkoani kuomba bati. Tulikwenda mara mbili. Safari ya kwanza tulikaa kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa. Safari ya pili tulionana na mtumishi mmoja, kijana, mwenye adabu. Akatuuliza: "Wazee wangu, mna muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji?" Hatuna. "Jambo hili limepita Kamati ya Maendeleo ya Kata?" Hapana. "Limo katika mpango wa Halmashauri?" Hatujui. "Mkuu wa Polisi wa Wilaya ameandika kwamba atawaletea askari?" Tukatazamana. Akasema, "Basi, mmeanzia dirishani. Rudini mkapite mlangoni."

Tulirudi kimya. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 12,000 kwa mtu. Watu wanne, safari mbili, jumla ni 96,000. Fedha hizo zilitoka katika mchango wa bati. Hazikuibiwa, lakini zimekwisha, wala hazikununua hata msumari. Na baya zaidi, hatukurudi mbele yenu kusema. Tuliona haya, tukanyamaza, na ukimya wetu ukazaa maneno.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Mtendaji wa Kijiji ametufungulia kitabu, kwa sababu siku hizi si Katibu wa Tawi anayeshika vitabu vya kijiji kama zamani. Kaya zetu ni 212. Mchango ulikuwa shilingi 3,000 kwa kaya. Waliotoa ni kaya 168, jumla shilingi 504,000. Ukitoa 96,000 za nauli zinabaki 408,000, nazo ziko benki katika akaunti ya kijiji. Kaya 44 hazijatoa. Mwenye stakabadhi aje nayo, alinganishe na kitabu. Asiye na stakabadhi na anasema alitoa, aje pia, tumtafute aliyepokea.

Sisi tulijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni, na kati ya maneno tuliyoandikiwa ubaoni lilikuwamo hili: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliliandika vizuri sana mpaka mwalimu akatusifu. Kulitenda ndiko kulikotushinda.

Ndugu wananchi, mlango wenyewe ni huu. Tumeuliza kwa Mtendaji wa Kata, tukaandika.

Kwanza, Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa utaratibu unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na humo mapato na matumizi husomwa. Tukubaliane humo kwamba kituo ndicho jambo letu la mbele. Iandikwe kwenye muhtasari, majina ya waliohudhuria na sahihi zao.

Pili, Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Kijiji, kupitia kwa Mtendaji, imwandikie Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Tumwombe aje aone jengo, atuambie kama ramani inafaa na kama askari atapatikana. Kituo bila askari ni kuta. Tena askari atalala wapi? Hilo tulilisahau kabisa.

Tatu, jambo lipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kutoka hapo ndipo linaingia katika mpango wa Halmashauri. Mipango huanza kukusanywa mwishoni mwa mwaka, na bajeti ya Halmashauri hupitishwa miezi ya mwanzo wa mwaka unaofuata. Sisi tulikwenda Mkoani mwezi Mei, wakati kila kitu kilikwisha andikwa. Ni kama kupanda pamba wakati jirani anavuna.

Nne, mchango wetu wenyewe. Mchango usio na sheria ndogo ni hiari ya mtu. Tukitaka uwe wa lazima, Halmashauri ya Kijiji itunge sheria ndogo, ijadiliwe na Mkutano Mkuu, halafu ikubaliwe na Halmashauri ya Wilaya. Hapo ndipo hata faini ya asiyekwenda lindo inakuwa halali na ina stakabadhi. Ndugu zetu wa sungusungu, tunawapenda na tunalala usingizi kwa ajili yenu. Lakini kuku au debe la mahindi likichukuliwa usiku kwa jina la faini, bila sheria na bila karatasi, mwenye kuku haoni tofauti kati yenu na aliyevunja ghala. Tusiwape watu nafasi ya kusema hivyo.

Na wewe unayesema mafuta ya gari la polisi tuyachangie sisi: tunakuelewa, maana uchungu wa ghala ni wetu wote. Lakini mafuta yamo katika Fungu 28. Tukiyachangia, tunaziba shimo ambalo wakubwa hawatalijua. Afadhali tumweleze mbunge wetu, kwa barua yenye tarehe na saa: mwano ulipigwa saa nane za usiku, simu ikapigwa alfajiri, askari wakafika jioni. Yeye ndiye anayeingia Bungeni siku fungu hilo linapojadiliwa. Barua ya namna hiyo ina nguvu kuliko manung'uniko ya kilabuni.

Tunamaliza. Tunaleta mambo matatu mbele yenu. Mosi, zile 408,000 zisiguswe mpaka Mkutano Mkuu useme. Pili, kutoka leo mtu yeyote asipande gari kwa fedha ya kijiji bila muhtasari mkononi, na akirudi asome taarifa mbele ya watu kabla hajavua viatu. Tatu, zile 96,000: sisi wanne tumekubaliana kuzirudisha kidogo kidogo baada ya kuuza pamba, kila mtu 24,000. Hakuna aliyetulazimisha. Mtendaji ataandika, na kila tukilipa karatasi itabandikwa hapa hapa ukutani.

Mkituona tumesahau, tuulizeni kwa sauti. Msiulizane kisimani.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, chini ya mkuyu. Njooni na stakabadhi zenu.



Katibu wa Tawi