Mahindi Makavu na Afya ya Ini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kimuka)



Tumepewa heshima ya kusema nanyi juu ya ini, na juu ya vyakula vya shamba viwezavyo kulilinda au kuliangamiza. Katika masoko yetu hakosi mtu auzaye unga wa mizizi na majani, akiapa kwamba vijiko viwili vitasafisha ini. Hatukuja kumnyima mtu riziki yake. Lakini ini halifuliwi kama shuka. Lenyewe ndilo lisafishalo damu, na sumu itupasayo kuihofu hutujia ndani ya gunia la mahindi.

Sumu hiyo huitwa sumukuvu. Hutokana na kuvu iotayo katika mahindi na karanga zilizowekwa kabla ya kukauka. Wataalamu waliitambua baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Kisha ikabisha hodi kwa majirani zetu wa mashariki. Mwaka 1981, huko Machakos, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini na 12 wakafa. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, waliougua walikuwa 317, na waliokufa 125. Mahindi yalikuwa yamewekwa ndani yangali na unyevu. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba. Sampuli zilipochukuliwa katika masoko 65, zaidi ya nusu zilikuwa na sumu kupita kiwango cha Serikali.

Moto wa jikoni hauiondoi. Na ailaye kidogo kidogo miaka mingi hujiweka karibu na saratani ya ini, khasa akiwa na homa ya ini aina ya B. Ndiyo maana chanjo ya watoto wachanga isikose.

Je, mboga hazina faida? Zinayo. Huko Qidong, nchini China, mwaka 1997, watu 180 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vidonge vilivyotengenezwa kwa rangi ya kijani ya majani, na alama za madhara ya sumukuvu katika mkojo wao zikapungua kwa asilimia 55. Lakini vile vilikuwa vidonge vya kipimo, si sahani ya sukuma wiki, na sumu haikutoweka yote. Kilichowafaa zaidi watu wa Qidong ni kuacha mahindi na kula mchele, tangu miaka ya 1980. Sisi hatuwezi kuacha ugali, wala hatusemi uachwe. Bali bonge lipunguzwe, na maharagwe, viazi na mboga viongezwe. Tunajua wako wazee wasemao majani ni chakula cha mbuzi. Tunawasihi wamtazame mbuzi alivyo na afya.

Neno moja kwa wafugaji. Mahindi yaliyooza hutupiwa ng'ombe, ikidhaniwa kwamba hasara imeokolewa. Sumu ile hupita mwilini mwa ng'ombe, ikatoka katika maziwa, na anywaye maziwa mengi nyumbani ni mtoto. Mahindi hayo yafukiwe.

Sasa tunaiomba Kamati, inunuapo mahindi ya wanachama kwa pamoja, isivutwe na bei peke yake. Mnunuzi achukue chupa kavu na chumvi kavu. Atie mahindi na chumvi kidogo, atikise, kisha aiache chupa kwa dakika chache. Chumvi ikinata ubavuni mwa chupa, gunia halijakauka, na lirudishwe. Jaribio hili huonyesha unyevu tu. Mahindi yaliyooza kisha yakaanikwa hubaki na sumu yake, kwa hiyo muuzaji aulizwe pia yaliwekwa wapi tangu kuvunwa. Wenye mashamba nao waanike juu ya turubali, si juu ya udongo mtupu. Turubali moja la Chama, lizungukalo nyumba hadi nyumba wakati wa mavuno, lingetosha kuanzia, na tunaomba lipigiwe kura leo.