Operasyo iliisha, tansio tuendelee kupima



Wengi wetu tuliorudi hapa Lubumbashi toka Zambia, Afrika ya Kusini ao Ubelgiji, tulirudi na watoto waliotibiwa kule. Kati yao kuko wenye kovu ya zamani ku mgongo, upande wa kushoto. Leo tunazungumza juu yao.

Mtoto mwingine anazaliwa na mshipa mkubwa wa moyo umebanwa mahali pamoja. Ku makaratasi munganga anaandika «coarctation de l'aorte». Damu inaenda kwa nguvu nyingi ku kichwa na mikono, lakini ku figo na miguu inafika kidogo. Operasyo ya kwanza iliyofaulu ilifanywa na munganga Clarence Crafoord kule Stockholm, mwaka wa 1944.

Sasa tusikilizane vizuri. Operasyo inafungua njia ya damu, lakini mishipa haigeuki kuwa mipya. Ile ya juu inaweza kubaki migumu. Ndiyo maana tansio inaweza kupanda kisha miaka mingi, hata kama operasyo ilikuwa nzuri. Tena, pale paliposhonwa panaweza kubanana upya. Ba munganga wa Mayo Clinic, Marekani, walifuata wagonjwa 646 waliopasuliwa kati ya 1946 na 1981. Kisha miaka 30, watu 72 ku 100 walikuwa wangali wazima. Waliokufa, kwa wastani walikuwa na miaka 38.

Miaka 38, mtu angali na watoto ku masomo! Na tansio haipigi hodi: kijana anacheza mpira, kichwa hakimuumi, anafikiri yote imeisha.

Basi tufanye nini?

Moja, mpimwe ku mkono wa kuume. Mshipa wa mkono wa kushoto unatoka karibu na mahali pale palipobanwa, na operasyo zingine ziliukata ili kupanua njia. Kwa hiyo mkono wa kushoto unaweza kudanganya.

Mbili, ombeni mguu nao upimwe. Kwa kawaida tansio ya mguu haiko chini ya ile ya mkono. Mkono ukipita mguu kwa 20 ao zaidi, munganga wa moyo aangalie.

Tatu, ni kila mwaka, maisha yote. Mtu mzima akipatikana na 140 juu ya 90 mara kwa mara, aone munganga, na asiache dawa sababu anajisikia vizuri. Binti anayetaka kuzaa aonane naye mbele ya mimba, maana dawa zingine za tansio zinaumiza mtoto tumboni.

Ine, makaratasi ya operasyo msitupe, hata kama yameandikwa Kiingereza. Fanyeni kopi, moja ibaki nyumbani, moja ifuate mgonjwa ku hopitali.

Kwa ninyi wafadhili, ombi letu ni dogo: mashini ya tansio yenye kitambaa kikubwa cha kufunga ku paja. Kile cha mkono hakitoshi mguu.

Wazazi, wale batoto walivuka mto mkubwa wangali wadogo. Tusiwaache peke yao ku ng'ambo.