Ruta ya Mama, Nenosiri la Mama

(Mazungumzo ya afisa wa teknolojia ya habari na mawasiliano kwa vijana na wazazi wa Takaba, Mandera Magharibi)



Siku hizi mtu wa Takaba akinunua ruta, iwe ya laini ya simu au ya dishi la setilaiti, hamtafuti fundi. Humwita kijana wa familia aliyemaliza shule. Kijana huiwasha, simu zote zikapata mtandao, naye akaombewa dua. Kisha chuo kinafunguliwa, anapanda basi kwenda Nairobi au Eldoret, na nenosiri linaondoka naye. Siku ruta inapogoma, mama hana la kufanya, na huenda siku hiyo ndiyo ya mwisho ya kuomba mkopo wa HELB kwa mtoto aliyebaki nyumbani.

Kwa hiyo vijana, ombi langu ni moja: ukimwekea jamaa yako ruta, mwachie na ufunguo wake.

Anza na umeme. Soma karatasi iliyobandikwa chini ya ruta ujue inataka volti ngapi. Usiiunganishe moja kwa moja na betri ya sola. Betri ya volti 12 ikichajiwa hupanda hadi zaidi ya volti 14, na ruta inaweza kuungua. Tumia kifaa cha kudhibiti volti.

Pili, mahali. Mabati huzuia mawimbi ya redio. Ruta ya laini iliyofungiwa katika chumba cha mabati itapokea mtandao kwa shida, kwa hiyo iweke juu, karibu na dirisha au mlango, lakini jua lisiipige. Usiifunike kitambaa kwa kuogopa vumbi, joto litaichosha. Ikiwa ruta ina mawimbi ya aina mbili, yale ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi na kupenya kuta vizuri kuliko ya 5 GHz, ingawa ya 5 GHz yana kasi.

Tatu, manenosiri, nayo ni mawili. La kwanza ni la kuingia kwenye waifai. La pili ni la kuingia ndani ya mipangilio ya ruta yenyewe, na hili ndilo wengi huliacha kama lilivyotoka kiwandani. Aliye nalo anaweza kubadilisha mipangilio ili simu za nyumba hiyo zipelekwe kwenye kurasa bandia zinazofanana na za benki au eCitizen. Badilisha yote mawili, yasifanane. Kwenye usalama wa waifai chagua WPA2 au WPA3.

Majirani wakiomba mtandao, si vibaya, lakini bando ni la mama na laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Yeye ndiye wa kuamua. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni wenye nenosiri lake. Wafungulie huo, na akitaka aufunge.

Nne, andika. Chukua karatasi, andika jina la mtandao, manenosiri yote mawili, nambari ya laini au ya akaunti, na tarehe ya kulipa. Mama aiweke pale anapoweka kitambulisho chake. Usiibandike ukutani. Nawe usibaki ukiingia kwenye ruta yake bila yeye kujua. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inakataza kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini, na haisemi kwamba jamaa ameruhusiwa.

Mwisho, kabla ya kuondoka, keti kando usiguse kitu. Mwambie mama azime ruta, aiwashe, kisha aunganishe simu yake mwenyewe. Kama hasomi, afanye binti au mjukuu anayebaki naye. Mwonyeshe pia kile kitundu kidogo cha kurudisha ruta ilivyotoka kiwandani, na umweleze kwamba kikibonyezwa, mipangilio yote hufutika. Asikiguse mpaka awe na mtu wa kuipanga upya.

Akishindwa, rudia naye. Akiweza, hapo ndipo kazi yako imekwisha, na unaweza kupanda basi bila wasiwasi.