Tambi za Kichina na Watoto wa Rukwa

Juma hili tuache siasa na bei ya mafuta, tuingie jikoni. Nataka tupike tambi za kukaanga na mboga kwa mtindo wa Kichina. Najua wapo watakaocheka na kuuliza: chakula cha hoteli za Dar es Salaam kinahusu nini Kasanga? Kinahusu sana.

Kasanga ni bandari ya Ziwa Tanganyika, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Ziwani wanatoka dagaa na migebuka. Huko juu, Sumbawanga, yanatoka mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Rukwa ni mkoa wa chakula. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 49.8 ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kwa taifa zima ilikuwa asilimia 30. Penye miti hapana wajenzi!

Sababu ni nyingi: maradhi, maji yasiyo salama, na kazi zinazowaelemea akina mama. Lakini sababu mojawapo iko sahanini. Mlima wa ugali, kitoweo cha aina moja tu, na mboga za majani zilizochemshwa hadi zikapoteza rangi, kisha maji yake yakamwagwa. Tumbo limejaa, lakini mwili bado una njaa.

Hapo ndipo Mchina ana la kutufundisha. Siri yake si tambi, maana tambi ni wanga kama ugali. Siri ni kukata nyembamba, moto mkali, muda mfupi na kuchanganya vyakula.

Chukua nusu kilo ya tambi kwa watu sita. Zichemshe katika maji yenye chumvi, uziepue kabla hazijalainika sana, uzichuje na kuzipaka mafuta kidogo zisigandane. Kabla ya kubandika karai, kata kila kitu: vitunguu, karoti, pilipili hoho na kabichi. Osha dagaa wakavu mchanga uwatoke, wakaange katika mafuta ya alizeti, uwaweke kando. Kwenye karai hilo hilo tia kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi. Fuatisha karoti, kisha hoho na kabichi, ukigeuza bila kupumzika. Dakika nne zinatosha. Mboga ibaki na rangi yake. Tia tambi, dagaa na sosi ya soya. Kama sosi haipo, chumvi na ndimu vinatosha. Geuza, pakua.

Moto umewaka muda mfupi, kuni zimebaki. Mafuta nayo yanausaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika karoti.

Kuna jambo moja la kuonya. Siku hizi mijini tunanunua tambi za pakiti zenye unga wa viungo, tunazimwagia maji ya moto na kumpa mtoto. Huko si kupika Kichina. Ni ule ule ugali mtupu, umebadilishwa nguo tu.

Wala sisemi kwamba tambi zitamaliza udumavu. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto afikishe miaka miwili, ndizo muhimu zaidi. Kwa hiyo mama mjamzito apakuliwe vizuri, dagaa wakiwamo. Mtoto aliyetimiza miezi sita, pamoja na kunyonya, apondewe mboga na dagaa hao, bila sosi wala chumvi nyingi. Asiye na pesa ya tambi akaange mboga hizo hizo na dagaa, azile kwa ugali.

Nanyi akina baba, kazi kubwa ya pishi hili ni kukata. Kisu hakichagui mkono. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Karai la mgeni tumeliona; kupona kwa wenyeji sasa kuko mikononi mwetu.