JIWE LA IVUNA NA ELIMU YA ZAMA ZETU

(Nakala ya mhadhara uliotolewa mbele ya jamaa wa msikiti, Ivuna, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe)

 



Tumeombwa tuzungumze juu ya yale yaliyogunduliwa karibuni na wataalamu wa tiba, wa elimu ya viumbe hai na wa kemia. Mada hii ni bahari, na muda tuliopewa ni wa baina ya Maghrib na Isha. Kwa hiyo tumeona tuingilie mlango mmoja tu, na mlango huo uko hapa hapa tulipokaa. Huenda wengi wenu hamna habari kwamba jina la Ivuna hutajwa katika maabara za Tokyo, London na Houston, na kwamba mwanafunzi wa huko anayesomea vimondo hawezi kumaliza masomo yake bila kulijua jina hili.

Tarehe 16 Desemba 1938 lilianguka hapa jiwe kutoka mbinguni. Mkisikia kimondo nyinyi hukumbuka kile cha Mbozi, kilichoko Ndolezi katika kilima cha Marengi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. Hicho ni kikubwa na watu hukiendea kukitazama. Cha Ivuna hakikuwa hivyo. Kilichookotwa na kuhifadhiwa ni gramu 705 tu, hakifiki hata kilo moja ya sukari, tena ni jiwe jeusi laini linalovunjika kwa vidole mithili ya mkaa. Lakini kwa wenye elimu hiyo, gramu hizo ni adhimu kuliko tani zile 16.

Sababu yake ni hii. Baadhi ya mawe yaangukayo kutoka juu yamepata kuyeyuka zamani, yakatengana chuma na mwamba. Jiwe la Ivuna halikupata kuyeyuka tangu lilipoumbika, yapata miaka bilioni 4.56 iliyopita. Ukiziondoa hewa nyepesi kama haidrojeni na heliamu, uwiano wa madini yaliyomo ndani yake unalingana na uwiano wa yale yaliyomo katika jua lenyewe. Kwa hiyo wataalamu wameyafanya mawe ya aina hii kuwa mizani: wakitaka kujua sayari fulani imepungukiwa na nini au imezidiwa na nini, huilinganisha nayo. Mawe hayo ni machache mno. Yaliyoonekana yakianguka na kuokotwa ni matano: Alais mwaka 1806 na Orgueil mwaka 1864, yote ya Ufaransa, Tonk ya India mwaka 1911, Ivuna mwaka 1938 na Revelstoke ya Kanada mwaka 1965. Na kundi zima limepewa jina la kijiji chenu; huitwa vimondo vya aina ya Ivuna.

Liko wapi jiwe lenyewe? Sehemu yake kubwa ilikuwa mikononi mwa mtu binafsi huko Marekani, na mwaka 2008 jumba la makumbusho ya elimu ya maumbile la London lilinunua kipande kikubwa. Hapa kijijini limebaki jina. Hatulisemi hili kwa kumlaumu mtu. Jiwe la namna hii likiingia maji hugeuka tope, na Desemba ni mwezi wa mvua. Lau lisingeokotwa upesi, lingemomonyoka shambani, na leo tusingekuwa na la kuzungumza. Hata hivyo inasikitisha kwamba mtoto wa Ivuna humaliza skule asijue habari ambayo mtoto wa Japani anaijua.

KOSA LA MWAKA 1961

Sasa ndugu zangu sikilizeni kisa hiki kwa makini, kwani ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi tunaopanda mimbari.

Mwaka 1961 wataalamu wawili waliokuwa Marekani, George Claus na Bartholomew Nagy, walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameona kwa darubini, ndani ya jiwe la Orgueil na la Ivuna, vitu vidogo vyenye umbo mfano wa mabaki ya viumbe hai. Habari ikaenea duniani: uhai umepatikana katika jiwe lililotoka mbinguni! Wakainuka wenzao, akina Edward Anders na Frank Fitch wa Chicago, wakaomba wavione. Walipovichunguza, baadhi vilikuwa chembe za madini tu. Na kile kilichopendeza macho zaidi kilikuwa chavua ya gugu linaloota Marekani, iliyopeperuka hewani ikatua juu ya jiwe. Isitoshe, punde baadaye, katika kipande cha Orgueil kilichokuwa kimefungiwa katika chupa tangu 1864, zilikutwa mbegu za mmea wa Ufaransa zilizobandikwa kwa gundi. Kuna mtu aliyefanya ujanja huo karibu miaka 100 nyuma, na alikufa bila ya kujulikana.

Zingatieni ni nani aliyewasahihisha akina Claus. Ni wataalamu wenzao, kwa hoja na kwa kupima upya. Mas'ala haya si mageni kwetu. Ibn Sina, katika kitabu chake cha ash-Shifaa, ametaja habari za pande la chuma lililoanguka Juzjan, na ameeleza kuwa yeye mwenyewe alijaribu kuyeyusha kipande cha namna hiyo huko Khwarazm, kikakataa kuyeyuka na kikatoa moshi wa kijani. Hakutosheka na masimulizi, akawasha moto.

Leo zipo kanda na vijitabu vinavyopita mikononi mwa vijana wetu vikidai kwamba kila linalotangazwa na wanasayansi lilikwishathibitishwa na aya fulani. Tumesikia kimondo cha Mbozi kikiletwa kuwa ushahidi wa aya ya 25 ya Suratul Hadiid, inayotaja kuteremshwa kwa chuma. Ndugu zetu, tumesoma tafsiri za wanavyuoni kwa lugha yao, na wengi wao hapo wameeleza kuteremsha kwa maana ya kuumba na kuneemesha. Na kitenzi hicho hicho kimetumika katika Suratuz Zumar kwa wanyama wa kufugwa. Hatujamsikia mtu akisema ng'ombe wa Wanyamwanga walidondoka kutoka mawinguni. Qur'ani haihitaji kuegemezwa ukutani. Mwenye kuifunga aya na dhana ya mwaka 1961, atamwambia nini kijana wake mwaka 1962, chavua itakapojulikana kuwa ni chavua?

YALIYOPATIKANA KWA HAKIKA

Baada ya fedheha ile watu walijifunza uangalifu. Mwaka 2001 jopo lililoongozwa na Pascale Ehrenfreund lilipima upya mawe ya Ivuna na Orgueil, likathibitisha kuwa ndani yake zimo asidi amino zisizotokana na ardhi hii, nyingi zaidi zikiwa glisini na beta-alanini. Asidi amino ndizo zinazounganishwa kufanya protini, na protini ndiyo nyama yetu, damu yetu na kucha zetu. Lakini bado lilibaki shaka: jiwe lililogusa udongo na mikono ya watu, utalitakasaje?

Jibu likawa kwenda kulichukua huko huko liliko. Wajapani walipeleka chombo Hayabusa2, kikaondoka Desemba 2014, kikafika kwenye jiwe kubwa linaloelea angani liitwalo Ryugu mwaka 2018, na mwezi Desemba 2020 kikadondosha katika jangwa la Australia gramu 5.4 za mchanga wake. Zilipopimwa, taarifa ya mwaka 2022 ikasema kwamba Ryugu inafanana na jiwe la Ivuna. Hebu tafakarini: safari ya miaka sita, na mwisho wake wanalinganisha walicholeta na kile kilichoanguka hapa wazee wetu wakikiona. Tofauti ni kwamba cha Ivuna kilikuwa kimenyonya unyevu wa hewa yetu kwa zaidi ya miaka 80, kikabadilika.

Mwaka 2023 ikatangazwa kuwa ndani ya mchanga wa Ryugu imo urasili, mojawapo ya herufi nne zinazoandika RNA katika miili yetu, pamoja na niasini. Hapa ndipo tiba inapoingia, na tutatua kidogo.

Niasini ni vitamini B3. Anayeikosa hupatwa na pelagra: ngozi huchubuka penye jua, tumbo huharisha, akili huvurugika, na asipotibiwa hufa. Hushambulia zaidi wenye kutegemea mahindi, kwa sababu niasini ya mahindi imefungwa, tumbo haliwezi kuifungua. Ilijulikana kuwa ndiyo dawa mwaka 1937, mwaka mmoja kabla ya jiwe letu kuanguka. Na jirani zetu hapo Malawi, mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliugua maradhi hayo pale karanga zilipopungua katika posho yao. Karanga tu! Basi mama anayesonga ugali wa mahindi akaupambia mboga ya karanga, anawapa watoto wake kitu kile kile kilichopatikana Ryugu, na kwa wingi zaidi.

Ama urasili, madaktari waliona kuwa seli za saratani huitafuta kwa pupa. Mwaka 1957 Charles Heidelberger na wenzake wakatengeneza urasili iliyotiwa florini, seli ya saratani ikaimeza kwa kudhani ni chakula, ikashindwa kujizidisha. Dawa hiyo, florourasili, bado inatumika katika hospitali za saratani duniani hadi leo.

CHUMVI NA MAGADI

Tumeiacha makusudi habari hii mpaka sasa, kwa kuwa nyinyi wa Ivuna ndio wajuzi wake. Wataalamu wawili, Fagan na Yellen, waliandika mwaka 1968 juu ya mabaki ya kazi ya chumvi ya hapa, ambayo ni ya tangu yapata karne ya 13: watu wakiyachuja maji ya chumvi na kuyachemsha katika vyungu mpaka yakauke. Mnajua kwamba maji yakikauka, chumvi haziji zote kwa pamoja, kila moja ina zamu yake.

Mwezi Septemba 2023 Wamarekani nao walileta gramu 121.6 kutoka jiwe jingine la angani, Bennu. Januari 2025 wakatangaza kuwa wamekuta humo asidi amino 14 katika zile 20 zinazojenga protini za viumbe hai, na herufi zote tano za DNA na RNA. Lakini kilichotushangaza sisi zaidi ni kwamba walikuta pia chumvi zilizojipanga kwa zamu, kama zinavyojipanga maji yanapokauka, na miongoni mwake chumvi ya kula na magadi! Magadi haya haya tunayotia kwenye maharagwe. Maana yake, ndani ya jiwe alilotoka Bennu palikuwa na maji ya chumvi, yakakauka taratibu, na katika majimaji hayo mazito ndimo vijenzi hivyo vilipokutana. Katika vimondo vilivyoanguka duniani chumvi hizo huonekana kwa nadra mno, kwa sababu unyevu wa hewa huziyeyusha. Za Bennu zilisalimika kwa kuhifadhiwa ndani ya nitrojeni.

Je, hivyo ni uhai? Hapana. Wenyewe wanasema wazi kuwa ni vijenzi, si jengo. Asidi amino zina umbo la kushoto na la kulia kama viatu. Viumbe hai hutumia za kushoto, na za Bennu zilikutwa za pande zote mbili karibu sawasawa. Matofali yapo, nyumba haipo, na jinsi yalivyopangwa bado hawajui. Wala tahadhari ya 1961 haijapitwa na wakati: mwaka 2024 jopo la Matthew Genge wa London lilieleza kuwa punje moja ya Ryugu, baada ya kutolewa katika chombo chake, iliota vijidudu vya hapa duniani.

Kuhusu kemia ya vifaa vipya tutataja moja tu, kwani adhana imekaribia. Udongo wa jiwe la Ivuna una matabaka membamba yaliyoshika maji kwa miaka mabilioni. Sasa wanakemia wanajenga wenyewe vitu vyenye vitundu vidogo mno, hata gramu chache zikawa na eneo la ndani kama uwanja wa mpira, na kwa hivyo hunasa maji kutoka hewa kavu ya jangwani. Oktoba 2025 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, na mmoja wa watatu waliotunukiwa ni Omar Yaghi, mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina, aliyezaliwa Amman katika nyumba isiyokuwa na bomba la maji.

Tumeulizwa swali na mzee mmoja kabla hatujaanza: likianguka jingine, afanye nini? Tunamjibu hivi. Asilioshe, asililambe, asilipasue kutazama ndani, wala asilikabidhi kwa mgeni anayepita kwa bei ya soda. Alichukue kwa karatasi ya alumini iliyo safi bila kuligusa kwa mkono, aliweke mahali pakavu, aandike siku, saa na pahala, kisha apeleke habari kwa mtendaji wa kijiji na kwa walimu wa sayansi wa sekondari. Na afanye haraka kabla mvua haijanyesha.