Trafiki wa Usiku Yuko Wapi?

Kila dereva wa masafa marefu anajua trafiki amekaa wapi na tochi yake ya kupimia mwendo. Akishampita, anamwashia taa mwenzake anayekuja, naye anashuka hadi kilomita 50 kwa saa. Kijiji kikiisha, mguu unarudi kwenye mafuta.

Nchini Tanzania, Kikosi cha Usalama Barabarani kimepangwa kimkoa na kiwilaya. Basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza, hata hivyo, hupita mikoa minane, na dereva aliyeonywa Morogoro akifika Singida ni mgeni kabisa. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa mwaka 2019, ina mfumo unaofuatilia mwendo wa mabasi njia nzima. Taarifa hizo zinapaswa kumfikia askari wa zamu kabla basi halijamfikia, si baada ya maiti kuhesabiwa.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku. Gizani tochi pekee haitoshi: lori bovu lililoachwa barabarani bila taa linataka gari la doria lilikute mapema. Makamanda watuambie: usiku huu, kati ya Singida na Nzega, doria ipi iko njiani?