Mpeni Mgonjwa Maji

(Hotuba iliyosomwa na mganga mstaafu, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, katika mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, ndugu zangu tuliosoma hapa, nanyi wanafunzi mnaolalia leo vitanda tulivyoviacha:

Nimeombwa niseme machache juu ya utafiti wa kipindupindu na maradhi ya tumbo yanayoandamana na safari. Kazi ya uganga nimeifanya zaidi ya miaka thelathini, lakini somo la kwanza nililipata hapa hapa bwenini, nikiwa Kidato cha Pili.

Mwaka ulikuwa 1978. Kipindupindu kilikuwa kimeenea nchini tangu mwaka uliotangulia. Mwenzetu mmoja, ambaye kitanda chake kilipakana na changu, alirudi kutoka likizo. Njiani basi lao lilikwama kivukoni kutwa nzima, naye akanywa maji ya mto pamoja na abiria wengine. Usiku wa pili akaanza kutapika na kuhara maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Mvua ilikuwa imekata barabara, na gari la kumpeleka hospitali halikupatikana usiku ule. Akaomba maji. Tukamnyima, kwa sababu kila mtu mzima tuliyemjua alikuwa akisema kwamba anayehara akinywa maji huzidi kuhara. Ndoo ilikuwa mikononi mwangu. Niliisogeza mbali asiifikie.

Alfajiri macho yake yalikuwa yamezama, na ngozi ya mkono ukiifinya hairudi. Alikufa kabla gari halijafika.

Simlaumu mtu. Tulifanya tulivyofundishwa. Ila nataka vijana mjue kwamba siku ile jibu lilikuwa limekwisha kupatikana miaka kumi nyuma, na halikuwa limetufikia.

Kwanza niseme ugonjwa huu husafirije. Zamani huko Unguja alikuwapo daktari Mskoti, James Christie. Mwaka 1876 alichapisha kitabu juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, kuanzia 1821 hadi 1872. Alifanya jambo ambalo watafiti wengi hawakulifikiria: aliwauliza wafanyabiashara, mabaharia na watu wa misafara walipita wapi, na lini. Kwa njia hiyo aliufuata mlipuko wa 1869 na 1870 kutoka bara, kupitia nchi ya Wamasai, hadi Pangani, kisha ukavuka bahari kuingia Unguja, na kutoka hapo ukaendelea na vyombo hadi Kilwa. Hapo Robert Koch alikuwa bado hajakwenda Misri na Kalkuta, mwaka 1883, kukitafuta kijidudu chenyewe. Christie hakukiona, lakini alikwisha kuona kwamba ugonjwa hutembea kwa miguu ya watu.

Mpaka leo ndivyo ulivyo. Mlipuko wa dunia unaotusumbua sasa ulianza Indonesia mwaka 1961, ukafika Afrika mwaka 1970. Tena wengi wanaoambukizwa hawaugui sana, au hawaugui kabisa, lakini kinyesi chao kina vijidudu. Msafiri hupanda basi mzima, akashuka mzima, na akaacha maradhi kisimani.

Sasa kile kinachoua. Kijidudu hutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji na chumvi za mwili. Aliyeshikwa sana huweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Asipotibiwa, huweza kufa kabla ya jua kuchwa. Kumbe basi tiba kubwa ni kurudisha maji yale. Zamani ilidhaniwa ni dripu peke yake iwezayo. Lakini watafiti waligundua kwamba hata utumbo unapomwaga maji, mlango mmoja hubaki wazi: sukari na chumvi zikiingia pamoja, huvuta maji ndani. Mwaka 1968, mjini Dhaka, David Nalin na Richard Cash pamoja na wenzao wa huko walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaokunywa mchanganyiko huo huhitaji dripu kidogo sana.

Mwaka 1971 vita vya Bangladesh vilijaza wakimbizi kambi ya Bangaon, upande wa India. Dripu zikakaribia kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru sukari na chumvi zipimwe, zichanganywe na maji mapipani, na jamaa za wagonjwa wenyewe wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4. Mama na ndugu, wasiojua kusoma, walifanya kazi ya hospitali.

Lakini kujua peke yake hakutoshi. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walifurika Goma. Katika mwezi mmoja watu wapatao 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Dawa ilijulikana, maji safi yalikuwa haba, na wengi walinyweshwa kidogo mno au kwa kuchelewa. Siku hizi iko pia chanjo ya kumeza. Mwaka 2009 ilitolewa Unguja na Pemba, na utafiti ukaonyesha kwamba iliwakinga vizuri walioinywa, na ikawapunguzia hatari hata majirani wasioinywa. Hata hivyo chanjo haichimbi choo.

Vijana, shikeni haya. Anayehara apewe maji ya kunywa, kidogo kidogo, bila kuchoka, hata akitapika. Tumieni pakiti za dawa ya chumvi na sukari. Zikikosekana, chukueni lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Onjeni kwanza: chumvi isizidi ya machozi. Huku mnamnywesha, mpelekeni hospitali. Na akilegea asiweze kunywa, dripu ni ya lazima. Mkiwa safarini, maji msiyoyajua yachemsheni.

Nanyi wazee wenzangu, jana nimepita nyuma ya mabweni. Vyoo vipo, lakini bomba la kunawia mikono liko mbali, karibu na jiko. Kijana aliyetoka chooni usiku hawezi kulifuata. Naomba mchango wa mwaka huu utie mabomba pale pale mlangoni. Langu nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina. Nimelitoa kwa jina la mwenzetu yule wa 1978, aliyeniomba maji.